Nyasi ya nyumbani Nairobi, kutoka mvua ya Mei mpaka baridi ya Julai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo yananifikia kila mwaka mvua ya Mei ikianza kupungua, mengine ya majirani, mengine ya watu wa ukoo wenye kompaundi kubwa kuliko muda wao. Nimeyaanza na yale ya kawaida nikamalizia na yale ya ajabu ajabu. Swali likigusana na lingine nimekuonyesha uangalie wapi, sitaki kurudia.

## Tuanze na majira

Nimesoma ushauri wa watu wa Uingereza, wanasema kazi kubwa ya nyasi ni Septemba mpaka Novemba. Nifuate?

Usifuate, na hapa ndio wengi hupotea. Kule Septemba joto linashuka, mchana unafupika, miti inapukutisha majani, na nyasi zao kama raigrasi zinapenda kaubaridi, kwa hivyo wanachukua ule muda udongo bado una joto na mvua imerudi, wanakwaruza, wanatoboa, wanapanda mbegu, halafu wanaiacha bustani ilale. Huku kwetu Septemba ndio jua linarudi na jakaranda zinaanza kuchanua, Oktoba mvua fupi inapiga. Yaani wao wakiilaza bustani sisi tunaiamsha.

Lugha nayo inachanganya watu. Kamusi nyingi zinaita hayo majira ya Ulaya vuli, lakini vuli ya huku ni hizo mvua za Oktoba hadi Desemba, nyasi inakimbia mpaka unachoka kukata. Ukitaka wakati wa Nairobi unaofanana na wao kidogo, ni Mei kuingia Juni, masika inaisha na kipupwe kinaingia. Lisha nyasi Mei udongo ukiwa bado umelowa, Julai uiache. Karibu majibu yote huku chini yanatoka hapo.

Lakini Nairobi inakuwa baridi kiasi cha kuumiza nyasi kweli?

Kuumiza hapana, kupunguza mwendo ndio. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai joto linaweza shuka mpaka nyuzi 11 au 12 na mchana mara nyingi halipiti 22 sana. Nyasi tulizo nazo ni za joto, zikikaa chini ya nyuzi 15 hivi zinalegea. Urefu wa mchana si shida, tuko karibu kabisa na ikweta, saa za mwanga hazibadiliki kwa kiasi cha kuhesabu. Kinachokosekana ni jua lenyewe. Yale mawingu ya Julai yanayofunika kutoka asubuhi mpaka saa nane mchana, watu wanavaa jaketi mpaka ofisini, hayo ndio yanaifanya nyasi isimame palepale.

Nitajuaje nyasi yangu ni aina gani?

Angalia jani. Kama ni jembamba, kijani cha kung'aa, lina vinywele, na matawi yake yanatambaa juu na chini ya udongo mpaka yanaingia kwa maua na kwa ukuta wa jirani, hiyo ni nyasi ya Kikuyu. Ni mwenyeji wa nyanda za juu za huku kwetu, ikasambazwa dunia nzima, na Marekani imeingia kwa orodha ya serikali kuu ya magugu hatari, kitu ambacho hunichekesha kila nikiona mtu anainunua kwa gunia. Kama jani ni pana, nene, ncha yake butu kama ulimi, na linavumilia kivuli, hiyo ni Pemba.

Zingine, Zimbabwe, Arabia, Cape Royal na kadhalika, majina yanategemea nani anauza. Nimeona nyasi mbili tofauti zikiuzwa kwa jina moja kwa nasari mbili zilizopakana pale Ngong Road. Omba kuona iliyomea, usinunue jina.

Mbona nyasi inageuka njano Juni na Julai na mvua imetoka kunyesha juzi?

Sababu ziko kama tatu na mara nyingi zinakuja pamoja. Ya kwanza, mvua kubwa ya Aprili imeosha naitrojeni ikaenda chini ambako mizizi haifiki, nyasi imebaki na njaa, hapo unaona njano ya jumla, uwanja wote. Ya pili ni baridi, mizizi inafanya kazi polepole hata kama chakula kiko. Ya tatu ni kukata fupi sana, hiyo utaijua kwa sababu njano yake ni ya vikonyo, si ya majani, ukipapasa unahisi inachoma kama brashi.

Kama njano iko kwa viraka vya mviringo angalia maswali ya mbwa na ya ndege hadada. Kama ni vumbi la rangi ya kutu linalobaki kwa viatu, ni ukungu wa kutu, unakuja nyasi ikiwa na njaa na unyevu wa asubuhi ukikawia kukauka. Mara nyingi hauhitaji dawa, mbolea kidogo na jua vinamaliza.

## Kukata

Nikate fupi kiasi gani kabla ya baridi kuingia?

Ongeza urefu, usipunguze. Ya Kikuyu ambayo miezi ya joto unaikata sentimita 3, kuanzia mwisho wa Mei ipandishe mpaka 4 au 5. Pemba iache 6 hivi. Jani ndio jiko la nyasi, jua likiwa kidogo unahitaji jiko kubwa, sasa mtu anakata mpaka udongo unaonekana ndio "isisumbue mpaka Agosti" halafu Agosti anakuja kuuliza magugu yametoka wapi.

Kanuni ya zamani bado ni nzuri, usitoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa siku moja. Kama ulisafiri ukapata imefika magoti, kata mara mbili au tatu, ukiacha siku 4 au 5 katikati.

Mara ngapi?

Aprili na Mei kila wiki, kuna watu wanakata kila siku 5. Julai inaweza fika wiki 3 bila shida. Angalia nyasi yenyewe usiangalie kalenda, na kama unalipa mtu wa bustani kwa mwezi, Julai mpe kazi ya kunoa vifaa na kuchambua magugu kuliko kumwambia akate kitu hakijakua.

Slasha au moa?

Slasha inafanya kazi, na mkono uliozoea unaweza acha uwanja ulionyooka kuliko moa mbovu. Shida yake ni kwamba ikiwa butu inararua, na jani lililoraruka linakauka ncha na kuingiza ukungu wakati wa unyevu. Vilevile kwa kisu cha moa. Ukitazama uwanja kwa mbali ukaona kama umemwagiwa unga mweupe siku mbili baada ya kukata, kisu ni butu, basi.

Na usikate asubuhi saa moja nyasi ikiwa imelowa umande. Ngoja saa tano, hata kama fundi anataka kumaliza aende ploti nyingine.

Nyasi iliyokatwa niizoe au niiache?

Ukikata mara kwa mara vipande ni vidogo, viache, vinarudisha chakula kwa udongo. Ukikata ndefu na imelowa, zoa, kwa sababu italala juu ya nyingine kama blanketi na chini kutaoza. Hiyo uliyozoa usitupe kwa geti gari la taka lichukue, weka kwa shimo la mboji au wape wenye ng'ombe, ila kama ulipuliza dawa ya magugu hivi karibuni usimpe mtu alishe mifugo.

## Mbolea na udongo

Mbolea gani, kiasi gani, na lini?

Wakati mzuri wa mwisho kabla ya baridi ni kati ya wiki ya pili na ya mwisho ya Mei, mvua ikiwa bado inakuja lakini si ile ya kubomoa. Ukichelewa mpaka katikati ya Juni si dhambi, ila nyasi itakula kidogo na nyingine itapotea.

CAN ndio watu wengi hutumia, ina naitrojeni asilimia 26 hivi. Kwa mita za mraba 100 kilo 2 zinatosha, yaani gorogoro moja, na usipime kwa macho. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 464, ukitoa nyumba, pakingi na tangi, nyasi iliyobaki mara nyingi haifiki hata 150, kwa hivyo mtu akikuambia unahitaji gunia zima la kilo 50 anakuuzia ya miaka. Ukitaka iliyochanganyika, NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) 17:17:17 kilo 3 kwa hizo mita 100. Hiyo naipendelea Mei kwa sababu ya potasiamu, inasaidia nyasi kuvumilia baridi na ukame unaofuata. Urea ina asilimia 46, ni kali, ukikosea mkono unachoma, na mwanzo wa baridi sioni ya nini.

Gawanya mbolea mara mbili, nusu tembea ukirusha kutoka geti kwenda nyuma, nusu nyingine kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Nyasi iwe kavu juu, udongo uwe umelowa, halafu maji yafuate siku hiyohiyo, ya mvua au ya mpira. Mwaka mmoja niliamini mawingu, nikarusha saa kumi jioni, mvua haikuja siku 4, nikabaki na uwanja wenye madoa ya chui mpaka Septemba.

DAP je? Niko nayo imebaki ya shamba.

Peleka shamba. DAP ni 18:46:0, fosforasi nyingi inayofaa kitu kinachoanza kuota mizizi. Kwa nyasi iliyokomaa unamwaga pesa. Kama unapanda upya, hapo sawa, changanya kidogo na udongo kabla ya kupanda.

Samadi ya ng'ombe ni bora kuliko ya dukani?

Kwa udongo, ndio. Kwa nyasi iliyosimama inategemea imeoza kiasi gani. Iliyoiva vizuri haina harufu, inavunjika mkononi kama udongo wa msituni, ichunge na chujio la mchanga uipige nyembamba, isizidi sentimita moja, ncha za nyasi zionekane. Mbichi itakuletea magugu ya malisho yote ng'ombe alikopita, na ukiwa na bahati mbaya, lile gugu la ndago pia. Ya kuku isiyoiva inachoma kabisa.

Na ule udongo mwekundu unaoletwa na lori, "udongo mzuri wa Kiambu", uliza umechimbwa wapi. Ndago nyingi za esteti mpya ziliingia na lori.

Niko mtaa wa Utawala, udongo ni mweusi, unapasuka kiangazi na kushika viatu mvua ikija. Kuna matumaini?

Yapo ila kazi ni tofauti na ya mtu wa Lavington au Karen mwenye udongo mwekundu unaopitisha maji. Udongo mweusi unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kwa hivyo Mei shida yako ni maji kusimama na Agosti shida ni nyufa za kuingiza kidole.

Kwanza ondoa maji. Hakikisha uwanja una mteremko kidogo kuelekea mfereji, hata kama ni wa kuchimba kwa jembe pembeni ya ukuta. Pili usikanyage wala kukata ikiwa imelowa, unaukandamiza unakuwa tofali. Tatu lisha udongo na mboji iliyoiva kidogo kidogo kila msimu, miaka 2 au 3 utaona tofauti. Watu hupenda kumwaga mchanga wa mto juu wakidhani utalegeza, lakini mchanga kidogo ndani ya udongo wa namna hiyo haubadilishi kitu. Ukitaka mchanga ufanye kazi ni mwingi mno, afadhali ulete inchi 6 za udongo mwekundu juu ukianza upya. Na mwezi wa kiangazi mwagilia kabla nyufa hazijafunguka, zikishafunguka maji yanakimbilia huko chini yote.

Kutoboa uwanja na uma kuna maana?

Kuna, hasa pale watoto wanapochezea mpira na njia ya kwenda kamba ya nguo. Chukua uma wa bustani wenye meno yaliyonyooka, ingiza sentimita 10, tikisa kidogo, toa, songa upana wa kiganja, rudia. Ni kazi ya kuvunja mgongo, kwa hivyo toboa sehemu zilizoshikana tu. Mei ni sawa kwa sababu udongo ni laini na nyasi bado ina nguvu ya kujaza. Julai sioni haraka.

Nyasi yangu ya Kikuyu imekuwa kama godoro, ukikanyaga unazama. Niikwaruze sasa?

Sasa hivi Juni? Usithubutu. Hilo godoro ni vikonyo na mizizi mikavu iliyojazana miaka, maji na mbolea vinaishia hapo, na kweli linahitaji kutolewa. Ila ukilitoa unaacha uwanja uchi, na wakati wa baridi hautafunika, utapata matope na magugu mpaka Oktoba. Watu wa Ulaya hukwaruza majira yao ya majani kupukutika kwa sababu nyasi yao wakati huo inakua. Yako wakati wa baridi haikui.

Ngoja mvua ya Oktoba ikishashika, au mwisho wa Machi. Hapo kata fupi kwa awamu, kwaruza na reki ya chuma pande mbili, utatoa milima ya takataka mpaka uogope, weka mboji nyembamba na mbolea, na ndani ya wiki 5 au 6 umefunikwa. Nyasi ya Kikuyu haifi kirahisi. Pemba usiifanyie hivyo, inatambaa juu tu, ukikwaruza kwa nguvu unaing'oa.

## Majani, maji na wageni wasioalikwa

Miti yetu haipukutishi yote pamoja, je ni lazima nizoe majani?

Inategemea mti. Jakaranda inaachilia vijani vidogo miezi hii ya ukavu kabla ya maua, hivyo vinapenya katikati ya nyasi na kuoza, pitisha moa juu yake usahau. Mukima (grevilea) ni hadithi nyingine, majani yake magumu yanaanguka mwaka mzima na hayaozi haraka, yakikaa wiki mbili nyasi chini inakuwa nyeupe. Avokado pia, majani mapana kama sahani. Hayo zoa kila wiki, reki ya mianzi ni bora kuliko ya chuma kwa kazi hii.

Usiyachome. Moshi ni wa jirani, na yale majani ndio mboji uliyokuwa unataka kwenda kununua.

Nimwagilie maji Julai?

Mara chache. Kipupwe hakina mvua ya maana lakini pia hakikaushi, manyunyu na mawingu yanashika unyevu. Ingiza kidole, au bisibisi, kama inaingia sentimita 8 bila kulazimisha kuna maji. Kama haiingii, mwagilia vizuri mara moja kwa wiki, asubuhi, maji ya kufika chini, kuliko kunyunyizia kila jioni dakika 5. Maji ya jioni yanalala na jani usiku kucha na ukungu unashukuru.

Na mgao wenyewe tunaujua. Sehemu kubwa ya maji ya mji inatoka bwawa la Ndakaini, na Januari 2017 lilipopungua tukaanza kupewa maji kwa zamu. Nyasi ya Kikuyu ikikauka rangi ya mkate haijafa, imejificha. Tangi lihifadhiwe kwa nyumba.

Maji ya kufulia yanafaa?

Yale ya kusuuza, ndio, ukibadilisha mahali unapomwaga. Yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hapana.

Magugu je, ndago na thangari hazitoki hata nikichimba.

Tofautisha kwanza. Kishona nguo na majani mapana mengine, ng'oa kwa mkono baada ya mvua ya Mei kabla hayajatoa mbegu, yanatoka na mzizi wote. Ukiwa na mengi kuna dawa ya 2,4-D inayoua majani mapana na kuacha nyasi ya Kikuyu, lakini Pemba inaumia nayo, kwa hivyo usikope pampu ya jirani bila kuuliza ilibeba nini. Upulize siku isiyo na upepo, waridi na nyanya zikipata harufu tu zinajikunja.

Ndago si nyasi, kikonyo chake ukikizungusha kwa vidole kina pembe tatu. Ina vitunguu vidogo chini na ukivuta unakata, kila kitunguu kinachobaki kinaota. Kuna dawa zenye halosulfuroni zinazoilenga, uliza agroveti yenye wataalamu, hakikisha chupa ina namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali ya dawa za wadudu na magugu, na usitarajie mara moja itoshe.

Thangari yenyewe ni jamaa ya nyasi, hakuna dawa itakayoichagua iache ya Kikuyu. Glaifoseti inaua zote mbili. Hapo ni kuchimba kiraka, kutoa mizizi yote myeupe iliyo kama waya, na kujaza upya.

Hadada wanakuja asubuhi wanatoboa toboa uwanja mzima. Niwafukuze?

Kabla ya kuwafukuza jiulize wanakula nini. Mara nyingi ni minyoo ya kawaida, na kwa mashimo yao wanakufanyia ile kazi ya uma bure, kelele za saa kumi na mbili asubuhi ukizilipa kama mshahara. Lakini wakirudi sehemu moja kila siku, kata kiraka cha mraba cha sentimita 30, kiinue kama zulia. Ukikuta funza weupe wanene waliojikunja kama herufi C, wawili watatu, rudisha uendelee na maisha. Wakijaa kiganja na nyasi inainuka bila mizizi, hao ndio wanaokula, tafuta dawa ya funza wa udongo na uimwagilie ndani.

Na viwavi jeshi?

Hao ni wa mwanzo wa mvua, Machi na Aprili zaidi, wakija unaona uwanja umebadilika rangi ndani ya siku 2. Ukishuku, mwaga maji ya sabuni kwa kiraka, watapanda juu. Kufika Juni kwa kawaida wameshaenda.

Uyoga umeota kwa duara katikati ya uwanja.

Mara nyingi kuna kisiki au mizizi mikuukuu inaoza chini. Upige teke, ufagie. Usile, na watoto wasiguse.

Fuko amenipandishia vichuguu, nimejaribu pilipili, moshi, maji, kila kitu.

Pole. Hivyo vyote vinamhamisha upande wa pili wa uwanja tu. Kinachofanya kazi ni mtego ndani ya njia yake, na Nairobi na Kiambu kuna watu ambao kazi yao ni hiyo, wengi unawalipa kwa kila fuko aliyeshikwa. Hapo sioni haya kusema lipa mtaalamu. Vichuguu vya udongo visambaze kabla havijaua nyasi chini.

## Kupanda na kuziba

Naweza kupanda nyasi Juni?

Unaweza, ila utaitazama ikikaa tu. Vipandikizi vya Kikuyu vilivyopandwa Aprili kwa nafasi ya sentimita 15 vinaweza kufunga uwanja ndani ya miezi 2 au 3, vya Juni vinasubiri joto mpaka Septemba na katikati magugu yanapata shamba. Kama ni lazima, labda unahamia nyumba mpya na vumbi linaingia ndani, nunua mazulia ya nyasi iliyokwisha kumea uyalaze, uyabane na ubao, na uyanyeshee kila siku wiki 2 za kwanza.

Shangazi ananiletea mbegu za raigrasi kutoka Uingereza, nizipande?

Mwambie alete chokoleti. Mbegu kuingia nchini zinahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, na hata zikipita, raigrasi itapendeza Julai halafu Februari ikuvunje moyo.

Chini ya mwembe na upande wa ukuta wa ghorofa jirani hakuoti kitu.

Ya Kikuyu inataka jua, hapo usipoteze mwaka mwingine. Jaribu Pemba, punguza matawi ya chini ya mti, na kata ndefu. Kama jua halifiki hata saa 3 kwa siku, weka kokoto au mimea ya kivuli. Ghorofa la futi 60 haliondoki kwa mbolea.

## Visa vya pembeni

Tuna ruracio (sherehe ya mahari) Jumamosi, hema la watu 200 linakaa juu ya nyasi. Nifanye nini?

Usikate fupi ndio ipendeze kwa picha, kata kama kawaida siku 5 kabla, jani refu linabeba uzito vizuri. Acha kumwagilia siku 3 kabla, udongo mkavu haukandamiziki sana. Waambie watu wa hema walete ile zulia ya plastiki asubuhi ya shughuli, si Ijumaa mchana, na iondoke jioni hiyohiyo. Hiyo zulia ndio muuaji, viti si kitu. Mahali pa sufuria kubwa na jiko la kuni patafutiwe udongo mtupu, nyuma ya nyumba, kwa sababu kiraka kilichoungua hakirudi mpaka upande tena.

Jumapili, wageni wakishaenda, toa vifuniko vya soda na vijiti vya meno kabla moa haijavipata, jaza mashimo ya vigingi kwa mchanga na mboji, piga reki kidogo kusimamisha jani, mwagilia. Ikiwa njano usikimbilie mbolea. Kama ni Julai itachukua wiki 3 au 4, kama ni Aprili siku 10.

Maji ya mafuriko yaliingia, sasa kuna matope juu ya nyasi.

Baada ya ile mvua ya Aprili na Mei 2024 niliulizwa hili karibu kila siku. Matope ya sentimita moja hivi, subiri yakauke kidogo, vunja na reki, osha na mpira. Yakizidi 5, toa na sepetu mapema, nyasi iliyozikwa wiki nzima inaoza. Kama mfereji wa maji taka ulipasuka kwa hiyo njia, vaa gambuti na glavu, watoto na mbwa wasiingie mpaka jua limekaa siku kadhaa juu ya uwanja.

Mbwa ametuachia viraka vya njano vyenye pete ya kijani kibichi.

Ni mkojo, katikati mbolea imezidi na pembeni imetosha. Mwaga ndoo ya maji palepale akimaliza, ukichelewa siku moja imeshachoma. Au mfundishe kona moja ya kokoto. Wangu amekataa, ni mzee, nimemwachia.

Maji yetu ni ya borehole, udongo umeanza kuweka ukoko mweupe.

Hizo ni chumvi. Mvua ya masika huziosha, kwa hivyo unaona shida zaidi miezi mikavu. Mwagilia kwa wingi mara chache badala ya kidogo kila siku, ili chumvi zishuke chini ya mizizi. Maji na udongo vikipimwa maabara vikaonyesha sodiamu nyingi, jasi inasaidia. Bila kupima usinunue jasi.

Nimepanga, landilodi anataka nirudishe uwanja venye niliupata.

Piga picha siku ya kuingia, mbele, nyuma na kila kona, zenye tarehe. Kama unatoka Julai, mweleze mapema kwamba hata yeye hawezi kuotesha kitu mwezi huo, mkubaliane umwachie mbolea na vipandikizi vya kiraka kilichokufa, avipande Oktoba.